Mama wa Vyombo na Dawa ya Dhahabu

Alikuwa akiinua chupa ya kioo hadi usawa wa dirisha, anaizungusha taratibu, anatazama maji yanavyoshuka. Yakishuka yote kwa pamoja bila kuacha tone, anaitundika kwenye kigingi. Likibaki hata tone moja limeng'ang'ania kioo, anamgeukia aliyeiosha na kumwuliza, "Hii umeiosha, au umeionesha maji?" Kwa miaka saba niliyofanya naye kazi niliulizwa swali hilo mara nyingi kuliko maswali yote ya walimu wangu chuoni, na hakuna jingine nililoliogopa kiasi hicho.

Kwenye karatasi za ajira aliandikwa mhudumu wa maabara. Sisi tulimwita Mama wa Vyombo. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hakupenda kutajwa mbele za watu, hata kwenye matangazo ya kanisani, na siku mchungaji alipomshukuru hadharani kwa kupamba madhabahu alikaa nyumbani Jumapili mbili. Nitasimulia nilivyomjua, na nitasema pia nilichomfanyia, maana nikikiacha hicho nitakuwa nimeandika wasifu wa kusomwa makaburini.

Maabara yetu ni ndogo, iko upande wa Terrat, kusini mwa jiji. Tunatengeneza chembe za dhahabu. Si dhahabu ya kuvaa. Hizi ni ndogo mno, ukizipanga kwenye unene wa unywele mmoja zinaingia maelfu. Zikifika kwenye uvimbe wa saratani, ukaumulika uvimbe huo kwa mwanga maalumu unaopenya nyama, chembe zinapata moto na kuuchoma uvimbe kutoka ndani, na nyama ya jirani inabaki salama. Ndivyo tunavyotarajia. Tumejaribu kwenye seli zinazooteshwa ndani ya visahani, na tumejaribu kwa panya. Kwa binadamu hatujawahi kujaribu, wala ruhusa ya kujaribu hatujawahi kuiomba.

Kazi hii inasimama au inaanguka kwa usafi wa chombo. Unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, unatia dawa yake, unasubiri. Umanjano unapotea, unakuja ukijivu, kisha ghafla chupa nzima inakuwa nyekundu kama divai ya Meza ya Bwana. Lakini chombo kikiwa na uchafu hata usioonekana kwa macho, chembe zinashikana, maji yanakuwa ya zambarau, yanakuwa meusi, na dhahabu inakaa chini kama masizi ya sufuria. Siku nzima imekwenda na maji. Ndiyo maana vyombo vilioshwa kwa mchanganyiko wa asidi mbili kali, mchanganyiko unaoyeyusha hata dhahabu yenyewe, na aliyeaminiwa nao alikuwa ni yeye. Alivaa glavu za kufika viwikoni, miwani mikubwa, aproni nzito, na pete yake ya ndoa akaifunga kwenye pindo la kanga.

Nilipofika na cheti changu cha shahada ya kwanza, nikidhani nimekuja kugundua mambo, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa Ngaramtoni?"

"Ndiyo mama."

"Haya. Beseni liko kule."

Niliosha vyombo wiki tatu. Hakuna sheria iliyosema mtafiti mpya aoshe vyombo wiki tatu. Sheria ilikuwa ni yeye. Profesa, mkuu wetu wa maabara, alipita, akaniona nimevimba mikono, akacheka tu. Baadaye nilijua kwamba na yeye siku moja alirudishiwa chupa yake mbele ya wanafunzi, akaenda kuiosha upya bila ubishi.

Alitoka Nkoaranga, juu kwenye migomba na kahawa, na alifika kazini kabla yetu sisi tunaokaa mjini. Kwa kuwa yeye ni Mmeru na mimi ni Mwarusha, utani haukuisha. "Ninyi watu wa ng'ombe," aliniambia, "mkiona maji mnafikiria kunywesha mifugo tu." Binti yake aliolewa kwetu Ngaramtoni, alikuwa na meza ya vitunguu sokoni, na hilo nalo lilikuwa kosa langu. "Watu wako wamenichukulia binti. Utakaa hapa uoshe chupa mpaka wamrudishe." Ijumaa aliniletea loshoro, makande ya maziwa mgando, kwenye hotpoti, akisimama pembeni kuhakikisha nimemaliza, akilalamika kwamba nakula kama mgonjwa.

Huyu mtu wa usafi alikuwa na mkoba ambao hakuna aliyethubutu kuingiza mkono. Niliwahi kumwona akitafuta kalamu ndani yake: zikatoka tochi, mbegu za maharage ndani ya soksi, kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, kipande cha muhogo na ufunguo wa mlango ambao, alikiri, ulikwishang'olewa. Kalamu haikuonekana. Aliponikuta nacheka akaniambia mkoba hautengenezi dhahabu.

Na kwa panya alikuwa hivyo hivyo, pande mbili. Wa maabara aliwaamkia kila asubuhi: "Habari za kulala, wagonjwa wangu?" Akapita kwenye kila kizimba, akiuliza nani hajala. Siku tuliyomulika panya wa kwanza, na baada ya siku kadhaa uvimbe ukakauka kama kigaga cha kidonda, alimshika kiganjani muda mrefu, machozi yakimtoka waziwazi. Lakini nyumbani kwake stoo ya kahawa ilijaa sumu ya panya. Nilipomwuliza inakuwaje, alinijibu kwamba wale wa nyumbani hawajaajiriwa.

Shule yake iliishia darasa la saba. Hata hivyo yeye ndiye aliyeieleza kazi yetu vizuri kuliko sisi wote. Nilipokuwa nahangaika kumfafanulia mawimbi ya mwanga alinikatiza. "Ngoja. Ni kama mwizi kajificha katikati ya watu sokoni. Mnampaka kitu, halafu jua likiwaka linamchoma yeye peke yake." Nikasema ndiyo, ni hivyo. Baada ya mwezi mmoja nikamsikia Profesa anatumia maneno hayo kwenye mkutano, bila kusema kayatoa wapi. Nilimwambia Mama wa Vyombo, nikidhani atakasirika. Alifurahi siku nzima.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wageni walipokuja, awe mfadhili, ofisa au mwandishi wa habari, tulikuwa na onesho letu. Mirija miwili ya kioo, mmoja una maji matupu, mwingine una chembe zetu. Unaimulika yote kwa taa ileile. Kipimajoto cha maji hakipandi. Cha dhahabu kinapanda mpaka wageni wanaguna. Mama wa Vyombo ndiye aliyeleta mirija kwenye sinia, kisha akasimama kando, kimya. Na kila mara alitokea mtu wa kuuliza: hii itafika hospitali lini? Profesa alitabasamu. "Si muda mrefu. Miaka miwili, mitatu hivi, Mungu akipenda."

Hakuwa anadanganya kwa nia ya kudanganya. Kwetu si adabu mgeni aliyepanda mpaka kwako aondoke na jibu la mkono mtupu, na si adabu mdogo amsahihishe mkubwa mbele ya wageni. Nami nilipopata shahada yangu kubwa na kuanza kupokea wageni mwenyewe, nilijibu kwa maneno yaleyale, mpaka na ile "Mungu akipenda" yake. Mwaka ulipita, ukaja mwingine, na ile miwili mitatu ikabaki miwili mitatu. Hakuna mgeni aliyegundua, kwa sababu hakuna mgeni aliyerudi. Aliyesikia kila mara alikuwa mtu mmoja tu, aliyebeba sinia.

Yeye aliyapokea maneno hayo kama alivyopokea kila kitu cha maabara, kwamba hapa watu hupima kwanza ndipo waseme. Aliyapeleka kanisani kwenye umoja wa wanawake. Siku moja akaja getini mama mmoja kutoka huko mlimani, kafunga hereni moja kwenye kona ya leso, anataka tumtengenezee dawa ya dhahabu kwa ajili ya dada yake. Niliitazama ile hereni. Ilikuwa shaba. Nilimrudisha kwa upole, kisha nikaenda kuwasimulia wenzangu chakula cha mchana, tukacheka. Mama wa Vyombo hakucheka.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia bado, mama."

"Bado mpaka lini?"

Ningeweza kusema sijui. Kijiko kilikuwa mkononi, wenzangu walikuwa wananitazama. Nikasema miaka miwili, mitatu hivi. Akaitikia kwa kichwa na kuondoka.

Kama miezi miwili baadaye alinikuta mezani, nimeinamia kompyuta, ripoti inatakiwa siku ileile. Akasimama nyuma yangu akifuta mikono kwenye aproni.

"Daktari, kuna jirani yangu ana uvimbe kwenye ziwa. Ni mdogo, kama punje ya hindi. Hospitali wanataka kumkata."

"Basi aende akakatwe, mama."

"Anaogopa kisu. Ndiyo nauliza, hii yetu haitamfaa?"

Sikugeuka. Hilo ndilo nalikumbuka kuliko lolote, kwamba sikugeuka. "Aende tu hospitali," nikasema. "Ila na yetu nayo haiko mbali."

Nilikuwa nimemjibu vizuri, kisha nikaongeza sentensi moja ya kumfariji ili aondoke nimalize ripoti. Yeye alibeba hiyo ya pili. Hakukuwa na jirani. Mtu aliyeweza kuona tone moja la uchafu kwenye chupa ya lita tatu alisimama nyuma yangu na ugonjwa kifuani, na mimi nilikuwa napanga namba kwenye jedwali.

Baada ya hapo alizidi kuipenda kazi. Aliacha hata likizo. Vyombo vilikuwa havijawahi kung'aa vile. Alivisugua kama mtu anayefukuzana na kitu, na kundi la panya lilipofanyiwa majaribio alitaka kujua la kila mmoja, nani kakauka, nani bado. Wale waliopona aliwahesabu kwa sauti. Wapo ambao uvimbe uliwarudia baada ya wiki kadhaa, na tuliwaandika kwenye daftari kama inavyotakiwa, lakini hakuna aliyemsomea daftari. Mwaka wa pili nikaona anatumia mkono wa kulia peke yake kupandisha chupa kwenye rafu ya juu. Nilimwuliza. Akasema ni uzee na baridi ya Meru. Nikamletea stuli.

Halafu siku moja hakuja. Wala ya pili yake. Siku ya tatu binti yake akanipigia simu: mama yuko wodini, uvimbe umepasuka, umeshafika kwapani na kwenye mapafu, madaktari wanasema kisu hakina kazi tena. Alikuwa nao zaidi ya miaka miwili. Hakukuwa na lawama yoyote kwenye sauti ya binti, na ningeshukuru kama ingekuwepo.

"Anasema mkiwa tayari mmpigie," aliniambia. "Anasema hata kama ni ya majaribio, yeye yuko tayari."

Nilimjibu kwamba nitaongea na Profesa. Hata wakati ule, hata kwa hilo, sikuweza kusema hapana.

Niliongea naye kweli. Profesa alifunga mlango, akakaa, akauliza, "Alimsikia nani?" Nikamwambia alitusikia sisi. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na kesho yake walipokuja wageni alinituma niwaambie onesho limeahirishwa. Hiyo ndiyo toba niliyomwona nayo. Yangu haikuwa bora zaidi: ilinichukua wiki sita kupanda Nkoaranga.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Njia ya miguu ni mwinuko mtupu kati ya migomba, na nilipofika jasho lilinisaidia kuficha mengine. Walishamrudisha nyumbani. Alilala chumba cha mbele, dirisha wazi, na chini ya kitanda kulikuwa na bakuli la unga wa kahawa wa kupunguza harufu ya kidonda. Alikuwa amekwisha kwa kukonda, mkono wa kushoto tu ndio uliobaki mkubwa, umevimba, umeegeshwa juu ya mto. Nilimwamkia, akaitikia, akamtuma binti yake jikoni akalete chai. Hatua za binti zilipofika uani, akaniita kwa jicho nisogee.

"Sikukuita kwa ajili yangu," alisema. "Yangu nimeshayajua. Wale panya waliorudiwa niliwaona, unadhani sikuwaona? Nilijiambia ni wachache."

"Mama, nisamehe."

"Ngoja. Utaomba baadaye, sina pumzi ya yote mawili." Alivuta hewa, akatulia. "Huyu binti yangu naye ana kivimbe. Palepale nilipoanza mimi. Mwezi wa nne huu. Hospitali wanataka wamchukue kinyama wakapime, hataki. Anasema atasubiri ya kwenu. Mimi ndiye niliyemwambia dawa inakuja. Nimemwambia hayo tangu watoto wake wadogo. Sasa namwambia aende, hanisikii. Anaona maumivu yamenikatisha tamaa."

"Na hivi alivyokuona ulivyo?"

"Ndiyo kwanza anaogopa zaidi. Wodini aliwaona waliokatwa wakafa. Waliokatwa wakaenda zao nyumbani hakuwaona, maana hao hawapo wodini." Alinishika kidole gumba kwa mkono mzima. "Wewe atakusikia. Wewe ndiye mwenye dawa. Mwambie."

Binti aliingia na sinia. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mikono ya sokoni, na alinikaribisha chai kwa heshima iliyoniumiza. Nikaweka kikombe chini.

"Dada," nikaanza, "mama ameniambia. Sasa, unajua utafiti una hatua zake. Matokeo yanatia moyo, ila kuna taratibu za..."

"Usipambe," alisema Mama wa Vyombo. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwambie."

Nilimtazama binti usoni.

"Hatuna dawa," nikasema.

"Kwa sasa," alisema binti.

"Hatuna. Tunachojua ni cha panya, na panya wengine uvimbe uliwarudia wakafa. Hatujamtibu mtu hata mmoja. Mwakani hatutakuwa nayo. Sijui itakuwepo lini, wala kama itakuwepo. Mtu yeyote akikwambia mwaka, anabuni. Hicho ulicho nacho kikiwa kidogo wanaweza kukitoa, ukarudi kwa watoto wako. Kikikaa, hakuna wa kukitoa."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimtazama mama yake, bakuli la kahawa, kisha mimi, na nikaona heshima yote ikimtoka usoni. Nilishukuru ilivyotoka.

"Kwa hiyo mama alikuwa anasubiri nini?"

Nilimtazama Mama wa Vyombo anisaidie, na hakunisaidia. Alikuwa ananisubiri kama binti yake alivyokuwa ananisubiri, na nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Neno langu," nikasema. "Alikuja kuniuliza, nikampa miaka ambayo sikuwa naijua. Sikugeuka hata kumtazama. Angekatwa wakati ule pengine asingekuwa hapa kitandani. Kosa si lake, ni langu. Usilirudie kwa ajili yangu."

Binti alianza kulia, kwa hasira, mdomo umefungwa. Mama wa Vyombo alifumba macho, akakaa hivyo hadi nikadhani usingizi wa dawa umemchukua, na nikaanza kuinuka taratibu.

"Kliniki wanafungua saa ngapi kesho?" aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Saa mbili kamili asubuhi, mama," nikasema. Hilo nilikuwa na uhakika nalo.